Mume Asiyebatizwa wa Malkia Klotilda

Shamba la Ngano, Hanang
Jumapili, mwezi wa sita

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua utasoma kimya kwanza, kisha umsomee kwa sauti vile vipande unavyoona vinamfaa. Safari hii naomba umsomee yote. Mguu wake umepona? Na kahawa, imeanza kuwa nyekundu upande wa kijitoni? Mimi huku ni mzima. Sina homa wala kikohozi, ila kichwa changu kinaona baridi kuliko kawaida, na sababu ya baridi hiyo utaikuta mbele.

Barua yako kuhusu Bura niliipata mvua zikiwa bado hazijakatika, nami sikujibu upesi. Usidhani nilinuna. Uliandika kwamba mtu asiyebatizwa hatavuka kizingiti cha katekista, na ukaandika kwamba ni heri unizike kuliko kuniona nimeolewa naye. Neno hilo nimekaa nalo. Wazee wa akina Bura bado wanangoja kusikia wazazi wangu wamesemaje, na mimi bado sijawaambia. Kwa hiyo hili ndilo jibu langu, lakini nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu jambo lenyewe lilianzia mbali. Unanijua, napenda kitu kifuate mpangilio. Shajara yangu iko wazi hapa mezani nisije nikachanganya lililotangulia na lililofuata.

Kwanza nikuulize, Baba: jina langu ulilitoa wapi? Mama aliniambia kwamba siku niliyozaliwa ulikwenda kutazama kalenda ya misheni, ukarudi na Klotilda. Je, ulijua ni nani? Mimi nimeishi na jina hili nikidhani ni mtawa fulani wa zamani. Kumbe alikuwa malkia wa Wafranki, watu wa kale wa nchi ambayo leo ni Ufaransa. Kumbe aliolewa. Na mumewe, Baba, hakuwa amebatizwa.

Nilivyolijua hilo ndiyo habari yenyewe.

Ilikuwa wakati wa kupanda. Shamba letu liko chini ya mlima, na ukisimama mlangoni mwa stoo yangu huoni mwisho wake. Msimu huo matrekta hayapumziki, na kila kinachovunjika kinaletwa kwangu. Beringi, filta, mikanda ya feni, vyote hupita mikononi mwangu kabla ya kwenda shambani. Siku moja habari ikaja kwamba Paskalina, dada yake Bura, amefiwa na mtoto. Paskalina ameolewa Gehandu, si mbali na hapa, na tunaimba naye kwaya. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Alibatizwa Noeli, nami nilikuwapo.

Nilifanya kama ambavyo Mama angefanya. Nilijitwisha unga, nikachukua sukari na khanga, nikaenda. Nilipokaribia niliona majirani wamesimama mbali, ng'ambo ya kijito, hakuna hata mmoja aliyeingia uani. Moyoni nikasema, ni watu gani hawa? Kwetu msiba ukitokea, nyumba haina hata pa kukanyaga.

Mama mmoja akanipigia kelele, "Wee karani! Unakwenda wapi? Rudi!"

"Nakwenda msibani, mama," nikamjibu. "Na ninyi mbona mmesimama kama mnangoja basi?"

Wakatazamana. Mwingine akasema, "Mwacheni, ni mtu wa mbali," kwa sauti ile ambayo mtu huitumia akimwona mlevi anaelekea shimoni.

Paskalina aliponiona mlangoni alisema, "Klotilda, usiingie." Nikamwambia nimeshaingia. Niliwasha moto, nikasonga ugali, nikamlazimisha ale, na ili ale nikala naye sahani moja. Mumewe, Sulle, alikuwa amekaa upande wa zizi akitutazama. Yeye hajabatizwa. Baadaye alisema, si kwa ukali, kama mtu anayeongea na ukuta: "Nilisema tusubiri. Nilisema apewe kwanza jina la babu yake, hayo maji yenu yangekuja polepole. Haya." Paskalina alikata tonge, akaliweka chini tena. Nilirudi nikiwa na sura ile ya Paskalina machoni, nisijue niiweke wapi.

Jumatatu asubuhi dereva mmoja wa trekta, Tluway, akaja kuchukua filta ya dizeli. Nikamnyooshea. Akarudisha mikono nyuma kama mtoto aliyeonyeshwa sindano.

"Weka chini," akasema.

"Chini wapi? Itaingia vumbi."

"Weka tu, dada. Mimi nitapuliza."

Nikadhani ni mzaha. Akaja wa pili, naye hivyo hivyo. Wa tatu hakuingia kabisa. Alisimama nje akitaja namba ya beringi anayoitaka kama anayesoma litania. Kufika saa nne, Bwana Meneja, ambaye ni mtu wa Tanga, alikuja kasi.

"Karani, mbona matrekta yamesimama?"

"Hawataki kupokea vipuri mkononi mwangu, bwana."

"Una nini mkononi?"

"Msiba, nadhani."

Alinitazama, akaitazama ile mikono, akavua kofia. "Na hilo nitaliandika vipi kwenye ripoti ya makao makuu?" akasema, akaenda zake. Lakini alirudi na debe tupu, akaligeuza kichwa chini mlangoni, akaagiza kwamba kila kipuri kiwekwe juu ya debe, nami nirudi ndani, ndipo dereva achukue. Kupanda kukaendelea. Meneja alidhani ametengeneza kitu kipya. Madereva walisema yule mzee ana akili, kwa maana ndivyo na wao wangefanya.

Aliyenieleza ni Bura, dereva mwenzao. Alikuja jioni, jua likiwa bado liko juu ya mlima, akasimama nje ya uzio wa nyumba yangu, mbali ya kutosha kiasi kwamba ilibidi tupaze sauti. Wambulu wana desturi wanayoiita metimani. Mtoto anyonyaye akifa, wazazi hukaa peke yao mpaka wazee waseme imetosha. Hawaazimi moto kwa jirani, hawanywi kibuyu kimoja na watu, ng'ombe wao hawachungwi pamoja na wa wengine. Si adhabu wala chuki. Wanasema msiba wa namna hiyo hushika mtu kama moshi unavyoshika nguo, na mwenye utu hujizuia asiupeleke kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Anayeingia akala nao, na yeye yumo.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nilikuwa juu ya mashine. Na nilidhani unajua. Hapa kila mtu anajua."

"Na wewe unaamini?"

Alitazama viatu vyake. "Naamini," akasema.

"Basi njoo unishike mkono, tuone kama utakufa."

"Mimi sitakufa. Mke wa Tluway amejifungua juzi. Nikikushika leo, kesho nashika usukani mmoja na Tluway. Yule mtoto akipatwa na kitu, utanisaidia kusema nini?"

Nilikasirika, Baba, nikaingia ndani na kufunga mlango. Lakini niliyaandika maneno yake kama alivyoyasema, na nilipoyasoma tena nilishindwa kuona kosa lake. Angeweza kunidanganya. Wapo waliotaka kunifurahisha kwa kusema hayo ni mambo ya wazee tu, na hao hao ndio waliokwepa mkono wangu. Bura alikuja kila jioni, akaweka maziwa juu ya kisiki, akarudi nyuma, nikatoka kuchukua, tukaongea mpaka giza likaribie. Nadhani nimemjua zaidi kwa kupaza sauti kuvuka ule uzio kuliko msimu mzima tuliokaa tumekaribiana.

Wakristo wa huku ni Wakristo kweli, usidhani vinginevyo, lakini kanisani benchi langu lilibaki la kwangu peke yangu. Jumapili ile Sista Luisa ndiye aliyekuja kukaa nami. Ni mzee, amezaliwa Ufaransa, na anaendesha darasa la kushona hapa misheni. Baada ya misa alinikaribisha barazani kwake.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Klotilda, Sista."

"Aa! Wa kwetu!" Akapiga makofi kama mtoto. "Unajua alikuwa nani?"

Nikasema sijui. Akavuta kiti. Na wewe unanijua nikishikwa na hamu ya kujua jambo.

Aliniambia kwamba huyo Klotilda alikuwa binti wa mfalme. Ndugu wa baba yake alimwua baba yake kwa upanga, na mama yake akafungwa jiwe shingoni akatoswa majini. Klotilda akabaki kwa huyo huyo muuaji. Mfalme wa Wafranki, jina lake Klovis, alikuwa akituma wajumbe huko, nao wakamwona, wakarudi wakamsifu. Klovis akatuma kumposa. Yule ndugu wa baba aliogopa kukataa, akamtoa.

"Kwa hiyo aliyekaa kwenye kiti cha wazazi siku ya posa," nikasema, "ndiye aliyewaua wazazi?"

"Ndiye."

"Na mahari alipokea yeye?"

Sista akacheka mpaka akavua miwani. "Nimeisimulia habari hii tangu ujana wangu. Wewe ni wa kwanza kuniuliza mahari."

Klotilda alikuwa Mkristo, Klovis alikuwa na miungu ya baba zake. Wakapata mtoto wa kiume. Mama akataka abatizwe, baba hakutaka, mama hakuacha kusema, mwishowe akambatiza. Mtoto akafa akiwa bado amevaa nguo nyeupe za ubatizo. Klovis akamwambia mkewe kwamba mtoto angetolewa kwa miungu yake angekuwa hai.

Hapo, Baba, nilimwona Sulle upande wa zizi. Nilimwomba Sista asimamishe habari kidogo.

"Yeye alimjibu nini?" nikauliza baadaye.

"Alisema anamshukuru Mungu kwa kulipokea tunda la tumbo lake."

"Alimwambia mumewe hivyo? Siku ile ile?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Halafu walikula pamoja jioni hiyo? Nani alianza kumsemesha mwenzake?"

"Vitabu havisemi, mwanangu."

Nadhani vitabu vimeacha kilicho kikubwa. Walipata mtoto wa pili, naye akabatizwa, naye akaugua. Klovis akasema huyu atakufa kama kaka yake. Mama akaomba, mtoto akapona. Miaka baadaye Klovis akawa vitani, akaona anashindwa, akamwita Mungu wa mkewe, akashinda, akabatizwa yeye na askari wake. "Na hivyo ndivyo nchi yetu ilivyokuwa ya Kikristo," Sista akamaliza, akainuka na kuanza kukusanya vitambaa.

"Halafu Klotilda?"

"Alizeeka, akafa, akawa mtakatifu."

Aliinuka upesi mno, Baba. Nililiandika hilo pia.

Katikati ya hayo ndipo barua yako ilipofika. Nilitaka kuwa na uhakika wa upande wa pili kabla ya kukujibu, kwa hiyo nilimwuliza Bura, yeye ng'ambo ya uzio na mimi ndani, kama angekubali kubatizwa ili tuoane. Neno lako sikumwambia.

"Ili tuoane?" akasema. "Hapana."

"Hunitaki?"

"Nakutaka. Ndiyo maana nasema hapana. Nikibatizwa ili nipewe mke, nitakuwa nimemdanganya padri na wewe na huyo Mungu wako siku moja. Siku nikibatizwa itakuwa kwa sababu yangu mwenyewe, na hutanisukuma."

"Na watoto?"

"Nimemwona Sulle na dada yangu," akasema. "Wabatize. Lakini tuahidiane jambo. Mtoto akifa, mimi sitasema Mungu wako kamwua. Na wewe usije ukasema ni mizimu yangu."

Nikamwambia nimeahidi. Paroko naye nilimwuliza, maana najua ungeniuliza. Anasema Kanisa lina ruhusa maalumu ya ndoa ya namna hiyo, inaombwa kwa askofu, na mimi nishike imani yangu na kufanya ninavyoweza watoto wabatizwe. Wewe kama katekista unaijua ruhusa hiyo kuliko mimi. Barua yako haikuitaja.

Kisha wazee wakasema imetosha, nyumba ya Paskalina ifunguliwe. Mama yake Bura alitoka Maretadu kwa ajili ya siku hiyo. Ni mwembamba, anatembea haraka, na Kiswahili chake ni kichache ila kila neno linafika. Nilimpigia shikamoo kutoka mbali. Badala ya kuitikia alinichunguza kuanzia miguuni.

"Ndiye huyu aliyekula msiba bila kuulizwa?"

"Ndiye, Mama," Bura akasema.

"Alijua?"

"Hakujua."

"Angejua, angeingia?"

Bura akanitazama, hakutaka kunijibia. Nikasema mwenyewe, "Ningeingia, Mama. Paskalina alikuwa hajala."

Ndipo akaitikia, "Marahaba."

Waliotoka kwenye metimani ya nyumba ile walinawishwa na kunyolewa. Paskalina alinyolewa wa kwanza, kisha Sulle. Wanawake walipofika kwangu wakasita. Mmoja akasema, "Huyu wa kanisani na kalamu atakubali? Nywele zake ni za kitana." Mwingine akadakia, "Mwacheni, anaogopa tutaona umbo la kichwa." Wakacheka.

Nilijiuliza wewe ungesema nini. Nilikuwa nimemwuliza Sista mapema, naye alisema kunyoa nywele si kuabudu. Lakini sikukaa chini kwa ajili ya jibu la Sista. Nilikaa kwa sababu Paskalina alikuwa amekaa pale, kichwa wazi, akinitazama, na niliona kwamba nikikataa, mimi na yeye tutakuwa hatukula sahani moja siku ile.

Mama yake Bura ndiye aliyeshika wembe. Mkono wake ni mwepesi. Alipomaliza alinigeuza kwa watu. "Kama boga la Mogitu," akasema yule mwenye mdomo, na safari hii nilicheka nao. Kisha mama huyo akanywa maziwa kutoka kwenye kibuyu na kunipa hicho hicho mkononi. Tluway alikuwa pale. Keshokutwa yake alikuja stoo akanyoosha mkono. Kwa mazoea nilikuwa nimeshaiweka beringi juu ya debe. "Dada," akasema, "unanitenga?"

Hiyo ndiyo baridi ya kichwa changu, Baba. Usimwache Mama alie. Zitaota.

Jumapili iliyofuata nilikwenda misa na kitambaa. Sista Luisa aliona kisogo changu, akanishika bega, akaniuliza ni nani amenifanya hivi. Nikamweleza. Aliweka mikono mapajani, akasema, "Basi sina budi kukumalizia ile habari. Niliikata makusudi. Watu hatupendi kuisimulia."

Klovis alikufa, Klotilda akabaki mjane mwenye watoto wakubwa wa kiume, wote wafalme. Yule wa pili, aliyeugua akapona, aliuawa vitani akaacha wavulana watatu wadogo. Bibi yao akawachukua kuwalea, akawapenda kuliko kitu chochote. Kwa Wafranki mtoto wa kifalme hakunyolewa kamwe. Nywele ndefu ndizo zilizoonyesha kwamba anaweza kutawala. Basi wana wawili wa Klotilda wakaona wivu. Wakamtumia mama yao ujumbe: tuletee watoto, tunataka kuwatawaza. Akafurahi, akawalisha, akawapeleka. Wakawakamata. Kisha wakamtuma mtu kwa mama yao, mkono mmoja mkasi, mkono mwingine upanga uliochomolewa. Achague. Wanyolewe waishi, au wafe.

"Alichagua nini?" nikauliza, huku nikijua, kwa jinsi Sista alivyoshusha sauti.

"Alishtuka mno, hasira ikampanda. Akasema kama hawatatawala, ni heri awaone wamekufa kuliko wamenyolewa."

Nilivua kitambaa changu. Sikujua kwa nini. Nilishika kichwa.

"Alimaanisha?"

"Hilo ndilo swali. Iliandikwa kwamba hakujua anachosema, kwa uchungu. Lakini yule mjumbe hakumpa nafasi ya kufikiri mara ya pili. Alikimbia na neno lake hilo hilo." Wawili wakauawa, na ami yao ndiye aliyewaua kwa mkono wake. Wa tatu aliokolewa na watu. Alipokua alijikata nywele mwenyewe, akaacha mambo ya ufalme, akawa padri. Bibi yake aliwazika wale wawili, akaenda kukaa karibu na kaburi la mtakatifu, akihudumia, mpaka alipokufa.

Nimeigeuza habari hiyo kila upande, Baba, kama ninavyogeuza kipuri kisichoingia. Nilitaka kujua Klotilda alikosea wapi. Nilidhani nitakuta alikosea kuolewa na asiyebatizwa, nami ningekutii. Sikulikuta hapo. Mumewe asiyebatizwa alimkasirikia kwa ajili ya mtoto aliyekufa, akaacha wa pili abatizwe. Waliompelekea mkasi na upanga ni watoto wake mwenyewe, na walikuwa wamebatizwa wote. Sisemi ubatizo hauna maana; mimi ni mtoto wa katekista. Nasema tu kwamba haukujibu swali la mtu atamtendeaje mwenzake nyumbani. Hilo nilijibiwa kwenye uzio, na kisiki, na maziwa.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni neno la malkia. "Ni heri niwaone wamekufa." Nilipolisikia mdomoni mwa Sista nililitambua. Mwandiko wake naujua. Wewe hukuwa na mjumbe mwenye upanga mbele yako, ulikuwa na barua ya binti yako tu, lakini najua ulivyokuwa siku ile: umetoka kanisani, umechoka, Mama hawezi kutembea, na mimi nakuletea jina usilolijua. Bibi wa wale watoto naye aliwapenda. Sista anasema kama yule mjumbe angengoja hata malkia apoe tu, lingetoka neno lingine.

Kwa hiyo nimengoja. Wazee wa akina Bura wakiniuliza nasema bado. Hawanisukumi, huku wanajua kungoja. Kama ukikaa, ukazungumza na Mama, ukaifikiria ile ruhusa ya askofu, na bado ukaona neno lako ni lile lile, liandike tena. Nitalipeleka kama lilivyo, kwa maana wewe ni baba yangu na sitaolewa kwa kukuficha. Lakini liandike mara ya pili. La kwanza siwezi kulibeba.

Ukiona vema, Bura yuko tayari kuja huko baada ya mavuno kukupigia shikamoo mwenyewe. Ataongoza kombaini mpaka ngano iishe, kisha ataomba likizo. Ameniuliza kama katekista hunywa maziwa. Nimemwambia anakunywa kahawa.

Msalimie Mama sana, na umwambie kitenge alichonitumia nimekikata kitambaa cha kichwa, hakikupotea. Msalimie kaka Benedikto, mkulima wetu, na mkewe ambaye sasa anakaribia kujifungua. Mwambie akijifungua asitazame kalenda peke yake, aulize kwanza habari ya mwenye jina. Mpe shikamoo Bibi aliyenilea nilipokuwa mdogo, na mdogo wangu Anjela ajitahidi shuleni. Wazee wa parokia nao uwape salamu za karani wao aliye mbali.

Ngano imeanza kuwa ya njano, na upepo ukiipitia huinama yote pamoja mpaka mlimani. Nywele zangu nazo zimechomoza. Zitakapofika pa kushikwa na kitana, ngano itakuwa imeingia ghalani, na wazee watakuja kukaa barazani kwangu kuniuliza Baba amesemaje.

Mjumbe wako ni mimi, na sijaanza kukimbia.

Binti yako akupendaye,
Klotilda